UZI: Namna ya kuandika mapatano ya malisho na maji kati ya jamii zilizopigana, na kwa nini mengi huvunjika

Mlinda_Kisima (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu wadau. Uzi huu ni kwa walio kwenye kamati za amani, machifu, viongozi wa kambi za mifugo na yeyote anayeishi mahali ambapo kiangazi kikikaza jamii mbili hulazimika kunywesha kwenye kisima kimoja. Nazungumzia hasa kaskazini mwa Kenya na mpaka wake na Uganda, lakini wa Tarime, Kuria na kwingineko karibuni.

Nianze na ninachokiamini kabisa. Mapatano hufa siku ile wizi wa mtu mmoja unapoandikwa kwa jina la kabila lake. Ng'ombe kumi wameibwa na vijana wanne, lakini habari inayofika kambini ni "Wapokot wametuibia" au "Waturkana wametuibia". Hapo kila Mpokot ni mdaiwa na kila Mturkana ni mlipaji kisasi. Kwa hiyo karatasi nzuri ya mapatano ni ile inayojibu maswali matatu tu: nani amefanya, nani atamtoa, na nani atalipa kwa muda gani. Yote mengine, hotuba na kuchinja dume, yana heshima yake lakini hayarudishi ng'ombe.

Kabla ya kikao cha pamoja lazima kila upande uketi peke yake, tena si mara moja. Hapo ndipo watu wanatoa uchungu na orodha ya walichopoteza. Orodha iandikwe kwa undani: tarehe, mahali, idadi, aina, rangi na chapa. Kikao cha pamoja kikianza bila orodha, kila mzee atasimama na idadi yake, na siku nzima itaisha kwa kubishana kama walikuwa ng'ombe 40 au 140.

Nani aitwe? Kosa la kawaida ni kuita wazee na machifu pekee. Wazee hawaendi kuiba. Waite viongozi wa kambi zinazohama, wale ambao Waturkana huwafuata kwenye adakar (kambi hizo za mifugo), kwa sababu wao ndio wanaoamua leo mifugo inalala wapi. Waite vijana wanaobeba bunduki, na wanawake wanaouza sokoni. Waite pia watu wa jamii ndogo iliyo katikati, isiyo na mgogoro na upande wowote. Mwenyekiti akitoka huko, hakuna upande utakaoona umeburutwa.

Mahali pa kikao pawe pale mifugo inapokutana, si hotelini mjini. Mkikaa hotelini mtapata wajumbe wanaojua kuongea, na mwenye kundi la ng'ombe 300 atabaki porini bila habari kwamba kuna mapatano.

---

BintiWajir

Ahsante kwa uzi. Hapo kwenye wanawake na jamii ndogo nataka niongeze, maana Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ndiyo shule ya mambo haya na vijana wengi hawaijui.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajir ilikuwa imegawanyika vibaya kati ya koo za Kisomali za Degodia, Ajuran na Ogaden. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo na vita vya Somalia vilikuwa vimemwaga silaha. Mgawanyiko ulifika hadi sokoni, mama wa ukoo huu hauzi kwa mama wa ukoo ule. Mwaka 1993 wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, walianza na soko lenyewe. Waliweka kanuni kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue, kisha wakaunda kamati ya wanawake wa koo zote ya kuzunguka sokoni kila siku na kupokea malalamiko papo hapo. Soko lilipotulia ndipo wakawaendea wazee. Wazee wa koo ndogo ndio waliosaidia kuziita koo kubwa mezani, na Septemba mwaka huo yakatoka mapatano ya koo hizo, Azimio la Al Fatah.

Mtu asiseme walianza na amani ya jumla. Walianza na maziwa na mboga. Soko ni mahali ambapo mtu anaona kwa macho, kila asubuhi, kama makubaliano yanashika au la. Mwaka 1995 juhudi zile ziliunganishwa na kamati ya maendeleo ya wilaya, na mfano huo ndio uliokuja kuigwa wilaya nyingine hadi kamati za amani mnazoziona leo. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011.

Kwa hiyo ukiwa na kamati ambayo wanawake wake wawili wanaitwa kupika chai, hiyo si kamati. Mama ndiye anayejua kijana gani amerudi usiku na mbuzi wasio wa boma.

---

Fundi_Nyayo

Mlinda umetaja "nani atamtoa". Hapo ndipo sheria ya nyayo inapoingia, na watu wengi wanaitaja bila kuielewa.

Kanuni ni hii: mifugo ikiibwa, nyayo zinafuatwa, na jamii ambayo nyayo zimeishia kwake ndiyo yenye mzigo wa kuitafuta. Si kwamba imehukumiwa kuwa ndiyo mwizi. Ina njia mbili: ionyeshe nyayo zikitoka upande wa pili wa eneo lake, au itoe mifugo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozuia vita.

Utekelezaji uende hivi. Aliyeibiwa anapiga simu mara moja kwa mjumbe wa kamati wa upande wake na kwa mjumbe wa upande wa pili, wote wawili, ndani ya saa moja. Wafuatiliaji watoke pande zote mbili, wachache, sita hadi wanane wanatosha. Kundi la watu hamsini wenye bunduki linalofuata nyayo ni uvamizi, hata kama nia yao ni njema. Mkifika mpaka wa malisho mnawakabidhi wenyeji nyayo. Hapo hapo mnaandika saa, mahali, idadi inayokadiriwa, mwelekeo, na majina ya waliokabidhi na waliopokea. Mnaopokea mnaendelea, na wale wa kwanza wanabaki na wawili au watatu wa kushuhudia.

Mambo yanayoharibu:

Kuchelewa. Nyayo za asubuhi zikifuatwa jioni zimekanyagwa na mifugo mingine, hasa karibu na maji. Wezi wanajua, ndiyo maana hupitisha mifugo ya wizi kisimani kwanza.

Mwamba, mvua na lami. Nyayo zikipotea juu ya mwamba, msikisie. Zungukeni mkitafuta zinapotokea tena. Zikipotea kabisa, andikeni "zimepotea hapa" na suala lirudi mezani. Nimeona karatasi za mapatano zisizosema lolote kuhusu nyayo zilizopotea, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Kusingiziwa. Wezi hupeleka mifugo karibu na kijiji cha jamii nyingine kisha huigeuza usiku. Kama hamkuwa na wafuatiliaji wa pande zote mbili, hakuna atakayeamini kwamba nyayo ziligeuka.

Lori. Siku hizi wizi mwingi ni biashara. Mifugo inapakiwa usiku na alfajiri iko mbali na nyayo zote. Dhidi ya lori sheria ya nyayo haina nguvu. Dawa yake ni kibali cha kusafirisha mifugo kukaguliwa kweli kwenye vizuizi vya barabarani, chapa kwa chapa, na madalali wa mnadani kuingizwa kwenye kamati. Kamati isiyo na dalali wa ng'ombe haijui nusu ya habari.

---

Sirari_Mpakani

Wakuu, kwetu Wakurya wako Kenya na Tanzania, koo zile zile, na ng'ombe akivuka mpaka polisi wa upande mmoja hawezi kumfuata. Swali langu: faini. Kuna mahali nimesoma mwizi analipa mara mbili na zaidi. Je, hiyo si kumwadhibu asiye na kosa, maana mwizi mwenyewe mara nyingi hana hata ndama?

---

Mlinda_Kisima

Swali zuri sana mkuu. Unachokizungumzia ni azimio la Moruitit, lililofikiwa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Walioibiwa wanarudishiwa mara mbili ya walichopoteza, na mmoja wa ziada. Ng'ombe 10 wakiibwa, wanarudi 20 na mmoja. Nguvu ya kanuni hiyo ni kwamba wizi unakuwa hasara hata ukifanikiwa, na familia inaanza kumbana kijana wake kabla hajatoka.

Hatari yake ni hiyo uliyoitaja. Maafisa au wazee wakikimbilia kukamata kundi lililo karibu zaidi, mjane aliyekuwa analisha jirani analipa deni la mtu asiyemjua. Hapo umeirudisha ile ile adhabu ya kabila kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana ngazi ziandikwe wazi: kwanza mifugo ya mwizi mwenyewe, ikipungua ya wenzake walioshiriki, kisha ya baba na ndugu wa boma moja, kisha kambi iliyomficha. Kambi isilipe kama ndiyo iliyomtaja. Hicho kifungu cha mwisho msikisahau, kwa sababu ndicho kinachompa mtu sababu ya kusema ukweli. Kambi iliyomtoa mwizi ikitozwa sawa na iliyomficha, mara ya pili hakuna atakayesema.

Muda nao uandikwe. Siku 14 za kurudisha mifugo zinaweza kuwekwa, lakini muhimu zaidi ni ahadi ya upande ulioibiwa kwamba ndani ya siku hizo hakuna atakayevuka kwenda kujilipia.

Wakati wa kurudisha, mifugo ihesabiwe mbele ya pande zote, chapa ziangaliwe, na mwenye mali apokee mwenyewe. Mifugo ikilala boma la ofisi siku tano, itapungua. Kila anayejua mambo haya anajua itapungua. Na mara mifugo ikipungua mikononi mwa waliokuwa katikati, pande zote mbili zinakosa imani na mpatanishi, jambo baya kuliko wizi wenyewe.

Kwa Wakurya mna ritongo, baraza lenu la jadi, tayari. Sitaki mwige kitu cha Karamoja. Koo za pande zote mbili za mpaka ziketi ritongo la pamoja ziamue ngazi zake zenyewe, kisha maafisa wa polisi wa Kenya na Tanzania wakabidhiane mwizi na ng'ombe kwa maandishi. Ila tahadhari moja kutoka historia ya Sungusungu, timu za ulinzi za wanavijiji wa Tanzania, zilizoanza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980: zilipunguza wizi wa ng'ombe, na pia kuna mahali zilipiga watu na kuwahukumu bila ushahidi. Kamati ifuatilie, ikamate, ikabidhi. Isipige.

---

Wakili_Kijiweni

Niingie kwenye damu, maana mmezungumzia ng'ombe tu.

Azimio la Modogashe la mwaka 2001, la jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, liliweka fidia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Kwa wakati ule lilisaidia kuzima visasi, sikatai. Lakini nasema bila kuzunguka: nusu ya thamani kwa mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara ya 159 inatambua njia za jadi za kumaliza migogoro, kisha inaweka mipaka: zisikiuke Sheria ya Haki za Binadamu iliyomo ndani ya Katiba na zisipingane na haki. Mkiandika mapatano leo mkaweka viwango viwili, mmeiharibu karatasi nzima.

La pili, fidia haifuti jinai. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kumalizana kwa kulipana mifugo kwa mila. Watu wameigeuza kesi hiyo kuwa kanuni, na si kanuni. Andikeni fidia kama kitu kinachozima kisasi kati ya familia, na muuaji mwenyewe abaki kwa polisi. Asipokamatwa, familia ya marehemu inaona tajiri ananunua damu.

---

BintiWajir

Naunga mkono wakili kwa mikono yote miwili. Na mwanamke aliyefiwa apokee fidia mwenyewe. Kwenye mapatano mengi mifugo inaishia kwa mashemeji.

---

Daktari_Mifugo

Mmeongea sana kuhusu wizi. Ugomvi mwingi hauanzi kwa wizi, unaanza kwenye foleni ya maji. Ngoja nipige hesabu kidogo.

Chukua kisima cha pampu kinachotoa lita 6,000 kwa saa, kikifanya kazi saa 10. Ni lita 60,000 kwa siku. Toa kwanza za watu: watu 750 kwa lita 20 ni lita 15,000. Zimebaki 45,000. Ng'ombe wa joto la kwetu anayenyweshwa siku moja na kuruka inayofuata mpe lita 50 kila anapokunywa, mbuzi lita 5. Ng'ombe 600 ni lita 30,000, mbuzi 3,000 ni lita 15,000. Kisima kimekwisha. Kama jamii mbili zimekuja na ng'ombe 2,000 kila moja, hakuna hotuba ya amani itakayotosha, maji hayapo. Ndiyo maana hesabu hii ifanywe kabla wageni hawajaingia, na mapatano yataje idadi ya mifugo watakayoingia nayo, njia watakayopita na mwezi wa kuondoka.

Ngamia ni habari nyingine. Anaweza kukaa wiki bila maji kisha akanywa lita 100 kwa mara moja. Kundi la ngamia 100 likifika bila taarifa linamaliza lita 10,000 na kuvuruga zamu ya siku nzima. Wapewe siku yao.

Zamu igawanywe kwa aina ya mnyama na kwa siku, si kwa kabila kwa saa. "Asubuhi wenyeji, jioni wageni" inaonekana ya haki, lakini jenereta ikiharibika saa saba mchana wageni wamekosa kila kitu, na watasema ilizimwa makusudi. Wenyeji na wageni wakichanganyika kwenye zamu moja, hasara ya jenereta ni ya wote. Waborana wana utaratibu wa karne nyingi kwenye visima vyao vya kina: kuna abba herega, msimamizi wa zamu, na anayekuja kwa utaratibu hupangiwa nafasi. Anayeweka zamu asiwe ndiye anayekusanya pesa za dizeli. Tenganisheni kazi hizo mbili.

Kisha chanjo. Mifugo ya jamii mbili ikichanganyika, homa ya mapafu ya ng'ombe na sotoka ya mbuzi na kondoo zinahama nayo, halafu wenyeji wanasema wageni wametuletea ugonjwa kwa nia mbaya. Chanjeni makundi ya pande zote wiki chache kabla ya kuchanganyika, mahali pamoja, siku moja. Kinga inahitaji siku kadhaa kujengeka, ukichanja siku wanayoingia umechelewa. Chanjo ya pamoja ndiyo kazi rahisi zaidi ya kuanzia kati ya watu wasioaminiana, maana kila mmoja ana faida ng'ombe wa mwenzake akiwa mzima. Na hapo hapo unapata hesabu ya kweli ya makundi.

---

Loima_Moroto

Kuhusu mpaka wa nchi. Waturkana wa Kenya na Wamatheniko, Wakaramojong wa Uganda, walipatana Lokiriama, Turkana, Desemba 1973, silaha zikazikwa, na hadi leo watu hukusanyika hapo kila mwaka kuyakumbuka. Amani ile ilidumu kuliko serikali kadhaa.

Shida ya sasa ni bunduki na sheria mbili. Uganda ilianza kunyang'anya silaha Karamoja mwaka 2001, ikarudia kwa nguvu kuanzia 2006. Upande wa Kenya wafugaji wengi wamebaki nazo. Mturkana akivuka na bunduki kwenda bwawa la Kobebe, Uganda, kunywesha, kwake ni ulinzi, kwa jeshi la Uganda ni adui, na kwa Mkaramojong aliyenyang'anywa yake ni dharau. Nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya ushirikiano wa mpakani Moroto Septemba 2019. Machi 2022 wanajiolojia waliuawa Karamoja, lawama zikawaangukia wafugaji wa Kiturkana, na Mei 2023 Rais Museveni akatoa amri iliyowapa Waturkana miezi sita kusalimisha silaha, la sivyo wafukuzwe na mifugo yao. Mauaji yale yalikuwa unyama na waliohusika walistahili kufikishwa mahakamani. Lakini tazameni jinsi tulivyorudi kwenye lile la Mlinda: wauaji wachache, amri ya kabila zima.

Kinachowezekana kwa anayevuka: barua ya utambulisho kutoka kwa chifu na kiongozi wa kambi yenye majina ya wachungaji wote na idadi ya mifugo, nakala kwa ofisi ya wilaya upande wa Uganda kabla ya kuvuka. Bunduki zibaki Kenya, ziandikwe zimebaki kwa nani. Upande unaopokea uandike nani analinda kambi usiku na namba yake ya simu. Pasipo kifungu hicho cha mwisho, usimwambie mtu aache bunduki, hatakusikiliza na ana haki.

---

Sirari_Mpakani

Nashukuru. Na mwaka wa uchaguzi je? Huko ndiko kila kitu huharibika.

---

Mlinda_Kisima

Mwaka huo kifungu ni kifupi: anayegombea cheo chochote anatoka kwenye kamati siku anapotangaza, na anarudi baada ya matokeo. Asifungue kikao, asilipie chakula cha kikao. Akilipia, mapatano yameitwa kwa jina lake, na wapinzani wake watayavunja ili kumwangusha yeye.

Uvumi uwe na utaratibu. Kila upande uwe na watu watatu wanaojulikana, na kila mmoja ana namba za watatu wa upande wa pili. Habari ya "wamevamia" ikija, huulizwa mambo manne: nani ameona kwa macho yake, wapi hasa, saa ngapi, wangapi. Asiyeweza kujibu "nani ameona" habari yake haisambazwi hadi mmoja wa watatu wa upande wa pili apigiwe. Mtandao wa simu ukikosekana, wekeni mwenye pikipiki na pesa ya petroli mapema.

Pesa. Kamati zinazokutana kwa posho ya mashirika hukoma mradi unapokwisha. Mikutano ya kawaida ifanyike siku ya mnada, watu wakiwa tayari wamekuja, bila posho. Ada ndogo ya kisima au ya mnada ilipie petroli na muda wa maongezi. Shirika likija lilipie kikao kikubwa cha mwaka na chanjo.

---

Fundi_Nyayo

Karatasi yenyewe iandikwe Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti kwa lugha za pande zote, mstari kwa mstari, na mkalimani wa kila upande athibitishe. Watie saini au dole gumba watu wenye mifugo, si wawakilishi tu. Nakala moja kwa chifu wa kila upande, moja polisi, moja kisimani, moja kwa dalali wa mnada. Isizidi kurasa mbili. Wizi wa kwanza baada ya saini utatokea ndani ya wiki chache, hata kama ni mbuzi watatu. Fuateni kila hatua kwa mbuzi hao watatu kama vile ni ng'ombe mia, kwa sababu vijana wa pande zote wanaangalia mtafanya nini.